KUMWONYA NDUGU BILA KUMVUNJA

Hotuba ya mzee mmoja wa kanisa katika mkutano wa maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Inachapwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.



Kamati iliponiomba niseme neno katika siku hii, iliniambia nichague jambo litakalotusaidia kuishi pamoja. Kwanza nilidhani nitasema juu ya msamaha, maana ndilo neno tulilozoea kulisikia kila tarehe 20 Juni. Baadaye nikaona kwamba kabla ya msamaha kuna jambo jingine tunalolifanya kila siku, asubuhi hadi jioni, na mara nyingi tunalifanya vibaya. Jambo hilo ni kuonyana. Nataka kusema namna Mkristo anavyopaswa kumwonya mwenzake, na hasa juu ya unyenyekevu wa yule anayeonya. Tumezoea kuudai unyenyekevu kwa aliyekosa: ainamishe kichwa, akubali, aombe radhi. Anayeonya hatumdai kitu. Yeye tunamwona ameshika ukweli, na ukweli wake tunauona unatosha.

Tazameni maisha yetu. Kule tulikotoka, kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na migomba. Mtu akigombana na mkewe, jirani alisikia nusu, na hiyo nusu aliinyamazia. Hapa ukuta ni turubai na udongo. Kila kosa linaonekana, na kila aliyeliona ana la kusema. Bombani tunaonyana juu ya mstari wa jerikani. Kanisani tunaonyana juu ya mavazi ya vijana na muda wa kwaya. Vijijini tunaonyana juu ya mbuzi walioingia katika shamba la mwenyeji. Na juu ya hayo yote, sisi wakimbizi ni watu wanaoonywa kutwa nzima: simama hapa, rudi nyuma, kaa chini, kadi yako iko wapi. Mtu aliyesemeshwa hivyo tangu asubuhi, jioni akimpata aliye chini yake, humsemesha kwa sauti ileile. Nimeiona sauti hiyo ikishuka kutoka kwa mlinzi wa lango, ikapitia kwa mume, ikapitia kwa mke, ikafika kwa mtoto wa miaka mitano aliyemwaga maji.

SIKU NILIPOKOSA MIMI

Si haki niseme makosa ya watu wengine kabla ya kusema langu. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilivuka Bunagana mwaka 2008, watu walipokimbia vita vya Rutshuru. Mwaka 2013 kijiji changu kilinichagua niwe msimamizi wa mstari siku za mgao. Wakati huo hatukuwa tunaweka vidole kwenye mashine; kulikuwa na kadi, orodha, na macho ya msimamizi. Mwezi ule chakula kilikuwa kimechelewa, watoto walikuwa wamelala njaa, na kulikuwa na maneno mengi kwamba wapo watu wanaochukua mara mbili. Nikajiambia moyoni: mwizi hatapita mbele yangu.

Akaja mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye. Akatoa kadi yake, akapimiwa unga na maharage. Kisha akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa kadi ya pili. Sikumwuliza neno. Nilipanda juu ya gunia ili nionekane, nikasema kwa sauti yangu ya darasani kwamba huyu ndiye anayewanyima watoto wenu chakula, kwamba Jumapili anaimba na siku nyingine anaiba. Nikataja na amri ya Mungu juu ya wizi. Wengine wakacheka, wengine wakazomea. Mama yule hakujibu. Aliiweka kadi ya pili mezani, akajitwika mzigo wake, akaenda.

Jioni ile kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alinikuta natoka bombani. Akanipokea jerikani, akasema, "Mwalimu, naomba nikusindikize." Tukatembea mpaka tukapita nyumba za mwisho, mahali pasipo na mtu. Ndipo akasema, "Mwalimu, leo ulikuwa umechoka sana. Ile kadi ya pili ni ya jirani yake, yule bibi aliyevunjika nyonga. Ruhusa ya kumchukulia iliandikwa ofisini tangu mwezi uliopita. Niliona ungependa kujua." Akanifikishia maji hadi mlangoni, akaaga. Maneno yale hakuyapeleka popote. Miaka imepita, na sijayasikia kwa mtu mwingine yeyote.

Nikaenda kwa yule mama. Nilingoja kwanza giza liingie, maana niliona haya. Nikamkuta anapika, nusu ya unga wake alikuwa ameshampelekea bibi yule. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, uliniaibisha mchana, unaniomba msamaha usiku. Wale walionicheka wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika mgao uliofuata nilisimama tena mbele ya watu, safari hii miguu ikiwa chini, nikaeleza mambo yalivyokuwa, nikaomba msamaha, nikairudisha kazi ya usimamizi kwa kamati. Wengi walisikia, lakini si wote. Wapo waliokuwepo siku ya kwanza na hawakuwepo siku ya pili, na wengine wao walikwisha kuhamia kambi nyingine wakiamini kwamba mama yule ni mwizi. Hao siwezi kuwafikia tena. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mfupa. Naye mama yule alikaa miezi mingi bila kufika kanisani, kwa sababu kanisani ndiko nilikokuwa mimi.

Rafiki zangu walinifariji wakisema, "Hukujua, Mwalimu, ungejua usingesema." Nilipenda kuamini hivyo. Lakini nimejiuliza tena na tena: kama mama yule angekuwa mwizi kweli, je, nilichofanya kingekuwa chema? Nimeona kwamba hapana. Kukosa habari kulikuwa kosa langu dogo. Kosa kubwa ni kwamba niliposimama juu ya lile gunia, nilifurahi. Nilikuwa mwalimu asiye na shule, baba asiye na shamba, mtu anayesimama katika mstari kama wengine. Na kwa dakika mbili nikawa mkubwa tena. Nilimpanda mama yule kama nilivyolipanda gunia. Hata angekuwa mwizi, mimi nisingekuwa namwonya. Ningekuwa namtumia.

WAKIMBIZI WAWILI WALIOSHONA MAHEMA

Katika majuma yale ya aibu nilisoma tena Matendo ya Mitume, sura ya 18. Nilikuwa nimeifundisha sura hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kuona kwamba ndani yake wamo wakimbizi. Kaisari Klaudio alitoa amri Wayahudi waondoke Rumi. Wanahistoria wengi huiweka amri hiyo karibu na mwaka 49. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo Akila, mtu ambaye asili yake ni Ponto, na Priskila mkewe. Wakafika Korintho. Hawakufika na mali. Walifika na ufundi wao, nao ulikuwa kushona mahema. Sisi tuliopokelewa hapa kwa hema na turubai tunaweza kuwaelewa watu hawa. Paulo naye alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo, akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Baadaye wakasafiri naye mpaka Efeso, naye akawaacha huko akaendelea na safari.

Ndipo akatokea Efeso mtu mmoja jina lake Apolo, mzaliwa wa Aleksandria katika Misri. Alikuwa msemaji hodari, mtu aliyeyajua sana Maandiko, mwenye moto rohoni. Akaingia katika sinagogi, akaanza kufundisha habari za Yesu. Aliyoyasema yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote: ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohana tu. Na pale kwenye mabenchi wamekaa Priskila na Akila, watu waliokaa nyumba moja na Paulo, nao wanalijua lile asilolijua mhubiri.

Hebu tujipime hapa. Mgeni amesimama mbele, anasifiwa na watu, na wewe unajua mahali alipopungukiwa. Ni nani kati yetu asiyetamani kuinua mkono? Wao hawakuinua. Walimchukua, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kitabu kinasema hivyo kwa maneno machache, na katika maneno hayo nimepata mafundisho manne.

La kwanza, walimsikiliza kabla ya kusema. Huwezi kujua ni wapi mtu amepungukiwa kama hujamsikia mpaka mwisho. Mimi ningeuliza swali moja tu, "Mama, kadi hii ni ya nani?", bibi aliyevunjika nyonga angepata chakula chake siku ileile, na heshima ya mtu isingemwagika.

La pili, walimtoa machoni pa watu. Wengi huelewa kwamba walimkaribisha kwao, nyumbani kwa mafundi, penye sindano na ngozi na vitambaa. Mtu aliyepewa kiti na maji ya kunywa anajua kwamba hakuitwa ili avunjwe. Anaweza kuuliza, anaweza kubisha, anaweza hata kulia, na kesho yake akasimama tena mbele ya watu na uso wake.

La tatu, walianza na kile alichokuwa nacho. Hawakumwambia kwamba hajui kitu. Walimweleza kwa usahihi zaidi. Ndugu zangu, neno "zaidi" ni neno la heshima. Linasema: umefika mahali fulani, twende mbele kidogo. Ni watoto wangapi tumewaondoa shuleni kwa kuwaambia "hujui kitu", wakati walikuwa wanajua nusu?

La nne, hawakumnyang'anya kazi. Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo, wakaandika barua ili wanafunzi wa huko wampokee. Alipofika akawa msaada mkubwa. Baadaye Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alimhesabu Apolo kuwa mtu aliyelitilia maji shamba alilolipanda yeye. Maonyo mema yana alama hiyo: aliyeonywa anatoka na nguvu kuliko alivyoingia, na kazi inaendelea.

Wala tusimsahau Apolo mwenyewe. Msomi wa Aleksandria alikubali kufundishwa na washona mahema, na mmoja wao mwanamke. Tena mahali hapo jina la Priskila linatajwa kwanza. Wapo kati yetu wanaume wanaosoma Biblia kila asubuhi na hawajapokea neno kutoka kwa wake zao tangu walipooa. Asiyekubali kuonywa asijitwike kazi ya kuonya.

KIBANZI NA NYAVU

Mtu akitaka kukwepa maonyo, hukimbilia maneno ya Yesu juu ya kibanzi na boriti, katika Mathayo sura ya 7. Husema, "Niache, kila mtu ana boriti yake." Lakini Yesu hakusema tukiache kibanzi ndani ya jicho la ndugu. Alisema tutoe kwanza boriti yetu, ili tuone vema kukitoa kile kibanzi. Kazi ya kukitoa imebaki palepale. Kilichowekwa ni utaratibu wake.

Wakati wa kiangazi, vumbi la kambi linapopanda, nimewaona akina mama wakitoa taka katika jicho la mtoto. Mama hunawa mikono kwanza. Humgeuza mtoto aelekee kwenye mwanga. Humshika kichwa kwa mkono mmoja, humwambia maneno ya kumtuliza, huchukua ncha ya kitenge iliyo safi, na hata pumzi yake huizuia ili mkono usitikisike. Hakuna mama anayetoa taka ya jicho kwa kupiga kelele, wala anayetumia mpini wa jembe. Yesu angeweza kutaja mguu au mgongo, akataja jicho. Anayenigusa jicho ni lazima nimwamini, naye ni lazima awe karibu nami.

Paulo naye aliwaandikia Wagalatia, katika sura ya 6, kwamba mtu akikutwa katika kosa, walio wa Roho wamrejeze kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye. Neno la Kigiriki alilolitumia hapo ndilo lililotumika katika Injili kwa wana wa Zebedayo, Yesu alipowakuta wakizitengeneza nyavu zao. Ndugu zetu mliotoka Vitshumbi na vijiji vingine vya Ziwa Edward mnaielewa kazi hiyo kuliko mimi. Wavu ukichanika haupigwi. Mvuvi hukaa chini, huuweka wavu mapajani, huutafuta mpasuko kwa vidole, na uzi mpya huufunga kwenye ile sehemu nzima iliyobaki. Akivuta kwa hasira, tundu huwa kubwa zaidi. Na anajua kwamba usiku ujao atauhitaji wavu huohuo. Hata sisi tunahitajiana. Mama niliyemzomesha ndiye aliyekuwa akimlisha bibi wa watu. Nilipomvunja yeye, bibi naye alipungukiwa.

KUNYENYEKEA SI KUNYAMAZA

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana neno hili likieleweka vibaya litadhuru watu. Nimesema tuonyane kando, kwa upole. Sikusema tufiche maovu.

Katika Wagalatia sura ya 2 Paulo anaeleza jinsi alivyompinga Petro kule Antiokia mbele ya watu wote. Petro alikuwa akila pamoja na waamini wasio Wayahudi; walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga na meza ile, na wengine wakamfuata. Kwa nini Paulo hakumpeleka kando? Kosa lilifanyika mbele ya wote, na walioumizwa walikuwa mezani wakitazama. Kama Paulo angenong'ona, wale waliosukumwa wangebaki wanaamini kwamba hawastahili kula na wengine. Tazameni pia kwamba Paulo alimkabili mkubwa kwa ajili ya wanyonge. Mimi nilipanda gunia nikamkabili mnyonge ili niwapendeze wengi. Mambo haya mawili yanaweza kufanana kwa sauti, lakini hayana undugu.

Nathani naye alikwenda kwa mfalme Daudi, katika Samweli wa Pili sura ya 12. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Na Uria alikuwa Mhiti, mtu wa asili ya kigeni katika nchi ile. Nathani alianza kwa hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja, mfalme akahukumu mwenyewe bila kujua kwamba anajihukumu. Njia ilikuwa ya hekima, lakini mwisho wake Nathani hakuzungusha maneno. Alimwambia mfalme kwamba mtu huyo ni yeye.

Kwa hiyo nasema wazi. Mtoto akidhuriwa, mwanamke akipigwa au kushikwa kwa nguvu, msichana akiombwa mwili wake ili apewe kadi au sabuni au kazi, hilo si jambo la kumchukua mkosaji kando na kumpa maji ya kunywa. Nimesikia wazee wakitaja Mathayo sura ya 18, kwamba ndugu akikosa umwendee ninyi wawili tu, ili wamalize kesi ya namna hiyo kwa mbuzi na soda. Huko ni kulitumia Neno la Mungu kama turubai la kufunika maiti. Sura ileile inaendelea: asiposikia, chukua mashahidi, asiposikia, liambie kanisa. Na aya chache kabla ya hapo Yesu anasema juu ya wadogo hawa, na jinsi ilivyo hatari kumkosesha mmoja wao. Katika mambo hayo unyenyekevu wa mzee ni kukubali kwamba jambo limempita uwezo, na kulipeleka siku ileile kwa wanaohusika na ulinzi wa watu, kwa polisi na kwa daktari. Mzee anayesema "tutalimaliza wenyewe" hajanyenyekea. Amejiweka mahali pa hakimu na pa daktari pia.

KWA WATUMISHI WA MASHIRIKA, NA KWA SISI WENYEWE

Ndugu zetu watumishi, tunajua mnafanya kazi katika jua, mbele ya watu wenye njaa, na mara nyingi mnatumwa kutuletea habari ambazo hamkuziandika ninyi. Tunawashukuru. Nanyi naomba mkumbuke kwamba mnaposema nasi mna kalamu mkononi, na sisi hatuna. Neno dogo kwenu ni zito kwetu. Mtu aliyeaibishwa mbele ya meza yenu harudi kuuliza. Na asiporudi kuuliza, fomu yake itajazwa vibaya, mtoto wake hataandikwa, na kazi itakuja kwenu mara mbili. Mtuonye tunapokosa. Sisi si malaika; wapo kati yetu wanaodanganya, na ninyi mnawajua. Lakini mwulizeni mtu kwanza, na mkiweza mtoeni kidogo katika mstari.

Nasi tuache kumzomea karani kijana kwa sababu kipimo kimepungua. Hakukipunguza yeye. Tukiwa na malalamiko tuwachague watu wawili au watatu, waende na maneno yaliyofikiriwa, waseme kweli yote bila kuogopa na bila kutukana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: heshima tunayoidai mezani kwao, tuitoe kwanza bombani kwetu.

KABLA YA KUFUNGUA KINYWA

Kwa kumaliza nawaachieni maswali ninayojiuliza tangu mwaka ule, kila ninapotaka kumwonya mtu.

1. Je, nimeuliza, au nimeona tu? Macho ya msimamizi yaliona kadi mbili. Hayakumwona bibi aliyelala ndani.

2. Je, ni lazima watu hawa wote wasikie? Kama kosa halikuwaumiza wao, watasikia kwa faida gani?

3. Je, mimi mwenyewe sijawahi kukosa hivi? Kama nimewahi, nianze kwa kusema hilo.

4. Je, niko tayari kumbebea jerikani? Kijana wangu alinibebea maji ndipo akanipa neno. Nisipokuwa tayari kusaidia mzigo, nisiongeze mzigo.

5. Je, ninafurahi? Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Nikiona moyo wangu unachangamka kwa kuwa nimemkamata mtu, basi bado sijawa mtu wa kumwonya. Kama hakuna anayedhurika kwa kungoja, nangoja mpaka kesho. Kama yupo anayedhurika, namwita mwingine aende pamoja nami.

Na ukikosa katika kuonya, kama nilivyokosa mimi, urudishe heshima ya mtu mahali palepale ulipoichukua, na mbele ya watu walewale, kadiri unavyoweza kuwapata. Msamaha wa usiku kwa aibu ya mchana hautoshi.

Mama yule alirudi kanisani mwaka uliofuata. Sikumrudisha mimi. Walimrudisha akina mama wenzake wa kwaya, waliokuwa wakimtembelea kila juma bila kumwambia neno la kurudi, wakimsaidia kupalilia na kumwogesha bibi yule mpaka siku alipofariki. Kabla ya kuja hapa leo nilikwenda kumwomba ruhusa ya kusimulia habari hii, nikaenda mchana. Alicheka kidogo, akaniambia, "Sema, Mwalimu. Jina langu usilitaje. Na usimame mahali penye watu wengi."

Nimefanya kama alivyoniagiza. Mungu atupe macho ya kuona vema, na mikono isiyotikisika.